Bunduki ya Risasi Kumi na Tano

Sanamu ya Askari iliyopo Barabara ya Samora, katikati ya jiji la Dar es Salaam, imeshika bunduki tangu mwaka 1927. Singe yake imeelekea bandarini, na bunduki yenyewe, kwa kuwa ni ya shaba tupu, haijalia hata mara moja. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, wengine wakienda Kivukoni kupanda pantoni, wengine wakiwahi ofisini, na sidhani kama wengi wanajiuliza bunduki ile ina thamani gani. Mimi hujiuliza. Sina haja ya bunduki, wala sina mahali pa kuiweka. Ila naamini kwamba ukimwuliza mtu thamani ya bunduki kuukuu, na akakujibu kwa uaminifu, atakuwa amekusimulia sehemu kubwa ya historia ya nchi hii.

Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaokusanya bunduki za zamani za kuwindia kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu. Miongoni mwa zinazopendwa mno ni zile za wenzo, hasa za kampuni ya Winchester. Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, nitaieleza kwa ufupi. Chini ya mtutu wake pamelazwa bomba, na ndani ya bomba hilo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine. Penye kifyatulio pana wenzo wa chuma wenye tundu la kupitishia vidole. Mpigaji akiusukuma wenzo huo chini, ganda tupu huruka nje na nyundo hukokwa. Akiurudisha juu, risasi mpya inaingia mahali pake. Basi. Hakuna kumimina baruti, hakuna kushindilia kwa mdeki, hakuna kutafuta fataki mfukoni huku mnyama, au adui, anakujia.

Msomaji ailinganishe na gobore, ambalo babu zetu wengi walilijua. Mwenye gobore akishapiga mara moja, humimina tena baruti mdomoni mwa mtutu, atie gololi, ashindilie, aweke fataki, ndipo alenge. Katika muda huo mwenye bunduki ya wenzo amekwisha maliza bomba zima.

Bunduki hiyo ilitokana na ubunifu wa Benjamin Tyler Henry, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1860. Tajiri wake alikuwa Oliver Winchester, mtu wa New Haven katika jimbo la Connecticut, ambaye kabla ya kuingia katika silaha alikuwa akitengeneza na kuuza mashati. Mwaka 1866 kampuni ilichukua jina lake, na mwaka huohuo ikatoa bunduki yenye mwili wa shaba ya manjano na kijilango cha ubavuni cha kutilia risasi. Mwaka 1873 ikaja nyingine, ya chuma, iliyoenea mno. Mwaka 1895 ikatoka bunduki iliyosanifiwa na John Browning, ambayo haikuwa na bomba chini ya mtutu, bali kisanduku cha risasi chini ya tumbo lake. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu. Ndani ya bomba ncha ya risasi moja hugusa kitako cha iliyo mbele yake, kwa hiyo risasi zenye ncha kali zingeweza kulipukiana humohumo. Kisanduku kiliondoa hatari hiyo, na bunduki ikaweza kutumia risasi kubwa zaidi na zenye nguvu.

Wakusanyaji hupimaje thamani ya kitu kama hiki? Kwanza hutazama aina yake na namba iliyogongwa katika chuma. Namba hiyo, kwa bunduki nyingi za Winchester, huweza kupelekwa katika jumba la makumbusho lililopo mji wa Cody, jimbo la Wyoming, ambako vimehifadhiwa vitabu vya kiwanda, na huko ukaambiwa bunduki ilitoka kiwandani lini. Pili hutazama kama sehemu zake zote ni zilezile za asili, au mtu amebadilisha kitako, amekata mtutu, ameweka skrubu mpya. Tatu huchungulia ndani ya mtutu kuona kama mifuo yake ingali mizuri au imeliwa na kutu. Nne, na hapa mgeni wa mambo haya hushangaa, huogopa kung'ara. Bunduki iliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi mpya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, ingawa machoni yapendeza. Alama za mikono, mikwaruzo ya matandiko ya farasi, weusi wa jasho penye kitako, yote hayo ni ushahidi, na anayeyafuta amefuta maandishi.

Tano ni habari zake. Ilikuwa ya nani? Ilikwenda wapi? Nani alishuhudia? Mwezi Novemba mwaka 2014, katika hifadhi ya Great Basin huko Nevada, ilionekana Winchester ya 1873 imeegemezwa mti. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kuzama ardhini, kwa jinsi ilivyokaa hapo miaka mingi. Vitabu vya Cody vilisema ilitoka kiwandani mwaka 1882, wala havikusema zaidi. Nani aliiegemeza, na kwa nini hakurudi kuichukua, namba haikuweza kujibu. Hata hivyo watu walivutiwa nayo kuliko bunduki nyingi zilizo nzima.

Nimeeleza haya kwa sababu bunduki hizi zilikuja kwetu mapema, na zilipita karibu sana na hapa. Tarehe 21 Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Katika orodha ya silaha aliyoiandika mwenyewe zimo Winchester moja na Henry moja, zote mbili akiziita bunduki za risasi 16. Wakati huo kampuni ya Winchester ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Maana yake ni kwamba kifaa kipya kabisa cha New Haven kilikuwa kinapandishwa kutoka pwani yetu wakati ambapo Wamarekani wengi hawajapata kukiona.

Lakini tathmini ya kwanza ya bunduki hiyo iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kwa maoni yangu mpaka leo ndiyo nzuri kuliko zote, ni ya mwaka 1876, na mwenyewe ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, akazitoa Berlin mwaka 1902 na 1903, na Wilfred Whiteley akazitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwezi Oktoba mwaka 1876 Stanley alifika kwa Mwana Mamba, kituo cha wafanyabiashara katika nchi ya Manyema, akamkuta Tippu Tip. Alimhitaji ampeleke kaskazini kuufuata mto ambao baadaye dunia iliuita Kongo. Anasimulia Tippu Tip kwamba asubuhi yake mgeni aliwaonyesha bunduki, akasema inatoa risasi 15. Wao hawakupata kuiona wala kuisikia bunduki ya namna hiyo. Tippu Tip akauliza kama zote hutoka katika mtutu mmoja. Akajibiwa kuwa ni mtutu mmoja. Basi akamwomba aipige waone. Mgeni akasema walipe kwanza reale 20 au 30.

Mtu huyu aliyeombwa reale 30 ili aone bunduki ikilia hakuwa mshamba wa silaha. Jina lake lenyewe, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake ulivyosikika masikioni mwa watu waliozikimbia. Moyoni akaona kwamba mgeni anasema uongo. Hakumwambia hivyo. Alimwambia kwamba huko kwenye mto Rumami uko upinde mmoja unaobeba mishale 20. Ukiuvuta, mishale yote huruka pamoja, na kila mshale huua mtu. Stanley akainuka, akatoka nje, akapiga risasi 12. Kisha akachukua bastola, akapiga 6. Akarudi barazani akaketi. Wenyeji walistaajabu, na Tippu Tip akauliza risasi zinatiwaje, akaonyeshwa.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, na kila nikisoma habari hii husikia sauti za sokoni. Nenda leo Kariakoo kununua redio, pasi au jiko la mchina. Muuzaji atakusifia mpaka akauke koo. Mnunuzi hamwiti mwongo, atasema tu, "Hebu washa tuone." Akionekana kusitasita, mnunuzi hutaja duka la pili ambako kipo cha namna hiyohiyo, kizuri zaidi, tena rahisi, hata kama duka lenyewe halipo. Upinde wa Rumami ndio duka la pili. Bila ya kutoa reale moja, Tippu Tip alipata kuiona silaha ikifanya kazi, akaihesabu milio yake, akajua inavyotiwa risasi. Mkusanyaji wa leo, pamoja na miwani yake ya kukuzia na vitabu vya Cody, hafanyi zaidi ya hapo: haamini neno la muuzaji mpaka chuma chenyewe kimethibitisha.

Tutazame pia hesabu zake. Risasi 15 ndizo hasa zilizojaa katika bomba la Henry, na ndizo zilizoingia katika Winchester ya 1873 yenye mtutu mrefu. Mzee aliyeandika miaka mingi baada ya tukio alitaja idadi ambayo kiwanda cha New Haven kingeikubali. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo yafaa asikilizwe na katika mambo mengine. Kwa mfano, Stanley aliandika kwamba alimwahidi Tippu Tip dola 5,000 kwa safari ile. Tippu Tip asema zilikuwa 7,000. Kwa muda mrefu vitabu vya Kizungu vilichukua neno la Stanley kana kwamba hapakuwa na shahidi mwingine. Alikuwapo, na aliandika kwa lugha yetu.

Hata hivyo sipendi kumaliza habari hii kwa kuchekeshwa na ule upinde, maana katika baraza ile walikaa watu wawili wenye nguvu wakipimana, na wasio na nguvu hawakuulizwa neno. Tippu Tip alikuwa tajiri wa pembe za ndovu, na utajiri huo ulikwenda sambamba na kuteka watu na kuwafanya watumwa. Bunduki waliyoistaajabia asubuhi ile ilishuka na mto wa Kongo, na Stanley mwenyewe aliandika bila kuona haya jinsi msafara wake ulivyopigana katika vijiji vingi vya ukingoni. Waliosimama upande wa pili wa mtutu walikuwa na habari zao pia kuhusu risasi 15. Hizo hazikuchapishwa Berlin wala London.

Wako pia wachukuzi. Bunduki ya kurudia ina uchu wa risasi, na risasi hazina miguu. Mwaka 1887 Stanley alipotoka Unguja kwenda kumwokoa Emin Pasha, katika mizigo yake zilikuwamo Winchester 50 na risasi zake 50,000, mbali na Remington 510 na tani mbili za baruti. Mzigo wa kawaida wa mchukuzi ulikuwa yapata frasila mbili, naye aliubeba kichwani au begani, kupanda na kushuka. Katika watu zaidi ya 600 waliochukuliwa Unguja, wengi hawakurudi. Tippu Tip naye alikuwamo katika meli hiyohiyo, na mapatano yao yakavunjika baadaye kwa sababu ya wachukuzi na baruti: huyu akisema baruti aliyoahidiwa haikuletwa, yule akisema watu aliowaahidiwa hawakuja. Stanley alifungua madai ya pauni 10,000 Unguja dhidi yake, kisha yakaachwa. Ukiona Winchester imetundikwa ukutani katika nyumba ya tajiri, inang'aa peke yake, kumbuka kuwa haikuwahi kwenda popote peke yake. Na sisi wa Kariakoo hatuna udhuru wa kusahau, maana jina la mtaa wetu limetokana na wachukuzi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, waliobeba risasi na unga wa watu wengine.

Baada ya hapo mlango ulifungwa. Mwezi Julai mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nalo lilikuwa lengo jema. Lakini mkataba huo ulizuia pia kuingizwa kwa bunduki zenye mifuo na zile za kutilia risasi nyuma katika sehemu kubwa sana ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na watu wenye vibali vyao. Kilichoachiwa wenyeji, na hicho kwa masharti, ni bunduki za kizamani za kumimina baruti. Kwa hiyo gobore halikubaki mikononi mwa babu zetu kwa sababu walilipenda au hawakujua jambo bora. Walikwisha kuliona jambo bora, barazani kwa Mwana Mamba, miaka 14 kabla. Walizuiwa. Na vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, watu walikwenda na magobore na mikuki kuikabili bombomu. Tofauti hiyo ya silaha haikutoka mbinguni. Sehemu yake iliandikwa kwa kalamu Ulaya.

Miaka michache baadaye bunduki ya wenzo ilirudi Afrika Mashariki kwa shangwe. Mwezi Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya 1895 yenye risasi nene za .405, ambayo aliisifu mno, hasa kwa simba, akiiita dawa yake ya simba. Baba na mwana waliua wanyama 512, na wengi wao walihifadhiwa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Tangu hapo bunduki ya aina hiyo na ya risasi hizo imekuwa na bei ya juu kwa wakusanyaji, kwa ajili ya jina la mtu mmoja. Chuma ni kilekile na mti ni uleule. Kilichoongezeka ni simulizi. Nasi twajua kwamba nyuma ya Roosevelt walitembea wachukuzi zaidi ya 200, na kwamba mara nyingi aliyemwona simba kwanza, akanyoosha kidole na kumpa bwana bunduki mkononi, alikuwa Mwafrika. Katika bei ya mnada mtu huyo hahesabiwi hata senti.

Nilipokuwa kijana, jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa saa na cherehani. Ukimpelekea saa ya zamani, kabla hajaifungua alikuuliza, "Ilikuwa ya nani, mwanangu?" Nilidhani ni umbea wa kizee. Siku moja akanieleza: "Saa ya kondakta wa treni imekwenda sana kwa majira, saa ya tajiri imelala kabatini. Nikijua mwenyewe, najua pa kutazama." Kwake yeye habari za mwenye mali zilikuwa sehemu ya kifaa, kama kamani na meno.

Ndivyo nionavyo mimi juu ya silaha za kale zilizobaki nchini kwetu. Wapo wanaosikia kwamba Wazungu hununua bunduki kuukuu kwa fedha nyingi, wakadhani kila mtutu wenye kutu ni hazina. Kwanza yafaa wajue kwamba silaha ni silaha hata ikiwa ya babu. Kuwa nayo bila leseni ni kosa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina upole kwa sababu ya uzee wa chuma. Pa kuanzia ni polisi, na baada ya polisi ni watu wa Makumbusho ya Taifa, ambao jumba lao lipo Mtaa wa Shaaban Robert, hapahapa Kivukoni. Pili, isisuguliwe, isipakwe rangi, na kamwe isijaribiwe kwa risasi. Mtutu uliooza huweza kumpasukia mpigaji usoni. Tatu, na hili ndilo ninalolisihi, kabla ya kuuliza bei, aulizwe bibi au mjomba aliye hai: hii ilikuwa ya nani, aliipataje, alikwenda nayo wapi, na ilimfanyia nani nini? Majibu yaandikwe, pamoja na jina la msemaji na siku aliyosema. Chuma kitangoja miaka 100 mingine. Bibi hatangoja.

Swali la mwisho kati ya hayo ni zito, nami sitaki liepukwe. Bunduki ya kuwindia huenda ililisha kijiji mwaka wa njaa. Huenda iliteka watu. Huenda ilifanya yote mawili mikononi mwa mtu mmoja. Mkusanyaji anayetafuta shani na bei anaweza kuliruka swali hilo. Sisi ambao ndugu zetu walikuwa kwenye kitako, wengine kwenye mzigo, na wengine mbele ya mtutu, hatuwezi.

Upinde wa mishale 20 haukuwapo. Hauna namba, wala hakuna kitabu cha kiwanda kinachoutaja. Lakini kwa kuwa mtu mmoja alikumbuka maneno aliyoyasema asubuhi moja huko Manyema, akayaandika kwa Kiswahili, leo twajua bunduki ile ilipigwa mara ngapi, na kwa nini ilipigwa. Bunduki yenyewe isingeweza kutuambia hata moja katika hayo.